Wimbo wa Nna Wivu

Mwanangu Nasra,

Salamu zetu za leo zilikuwa baridi, kwa hiyo sioni haja ya kuanza kwa kukuuliza hali kana kwamba natuma barua nchi ya mbali. Uko chumba cha pili. Nasikia unavuta zipu ya begi, inakataa, unavuta tena. Kesho asubuhi baba yako atakutia garini akupeleke uwanja wa ndege, nawe utakwenda Uingereza ukajifunze udaktari wa meno, uchungulie midomo ya Waingereza, ung'oe yaliyooza na uzibe yenye matundu.

Habari za koti, chakula na sala nazipita. Baba yako amekueleza tangu mwezi uliopita mpaka hata mimi nimezihifadhi. Mimi nina langu moja.

Leo baada ya Alasiri ulikuja jikoni ukasimama karibu na friji, mikono umeifumbata kama ulivyokuwa ukifanya ulipokuwa mdogo ukitaka peremende. Ukasema, "Mama, niwie radhi, mwanao nasafiri." Nami nikakujibu, "Nguo zako umeshazipiga pasi?" Ukangoja kidogo. Nikaendelea kumenya vitunguu. Ukatoka.

Na hilo la leo ni dogo. Kubwa ni lile nililokwambia wiki iliyopita, palepale jikoni, kwamba ukenda unakwenda bila ya radhi yangu. Mtoto aliyelelewa kama ulivyolelewa wewe hawezi kupanda ndege akatulia, na neno kama hilo liko mgongoni. Wewe unalijua hilo, na mimi nililijua nilipolitamka. Nililitamka kwa sababu nililijua.

Uliniuliza swali, ndiyo nikakurushia neno hilo. Swali lako nitalijibu humu, lakini kwa njia yangu, na njia yangu inapita kwenye ule wimbo. Nivumilie. Wewe unapenda mtu aseme moja kwa moja, mimi nimezaliwa Unguja.

Wimbo ule uliukuta nyumbani kwetu kama ulivyoyakuta makochi, kwa hiyo hujui ulivyoingia. Mimi nilifika Maskati nikiwa msichana mwenye Kiswahili kingi, Kiarabu cha msahafuni, na Kiingereza cha kuhesabu mpaka kumi. Nikaolewa na baba yako, ambaye watu wake walikulia Nairobi, tukakaa Wattaya karibu na yale maduka ya magari alikokuwa akiuza. Rafiki yake mmoja aliyetoka safari ya Kuwait akamletea kaseti ya nyimbo za disko. Baba yako akaisikiliza nusu, akachoka, akaniachia jikoni. Upande wa pili, wimbo wa kwanza, alikuwamo yule mwanamke wa Kimarekani.

Sauti ile, Nasra! Wewe umeisikia kwenye kaseti iliyokwisha kuchakaa, imelewalewa, hukuisikia ilipokuwa mpya. Ngoma zinakwenda, watu wanapiga makofi, fidla zinapanda, halafu vyote vinanyamaza na yeye peke yake anavuta: nnaaa wiiivuuu. Nna wivu, nna wivu. Mengine yote yalikuwa Kiingereza, sikuambulia hata chembe, lakini hilo nililisikia wazi kabisa. Nikamwita baba yako mbio.

"Njoo usikie! Huyu Mmarekani anasema Kiswahili!"

Kiingereza cha baba yako ni cha kuuzia gari, injini na giaboksi na bei ya mwisho. Akatega sikio, akacheka. "Wallahi kweli, kasema nna wivu. Huyu lazima ana asili ya kwetu."

Kwamba anasema Kiswahili sikushangaa sana, maana duniani kuna kila kitu. Nilichoshangaa ni kwamba anasema vile. Kwetu mwanamke mwenye wivu atafanya yote isipokuwa kuutaja. Atakusifu huku kabinya mdomo, atasema mashallah kwa sauti inayokutia homa, atauliza bei ya kanga yako kisha aseme za bei ile zinachuja. Huyu kasimama, na ngoma na fidla nyuma yake, anawatangazia walimwengu. Nikampenda siku ileile.

Maneno yake mengine nilikuwa siyajui, basi nikayajaza kwa yangu. Nikatunga beti kwa mtindo wa mipasho ya nyumbani, nikazipachika juu ya ngoma yake, na kiitikio nikamwachia mwenyewe. Moja nitakuandikia, kwa sababu utaihitaji mbele:

Kavaa dhahabu mpya, kanipita barazani,
Nna wivu, nna wivu, wala sifichi moyoni.

Mara ya kwanza niliuimba harusini kwa majirani, wanawake watupu sebuleni na wanaume nje uani. Nilipofika kwenye kiitikio, wanawake wazima wenye wajukuu waliruka juu. Vigelegele! Kila mmoja alikuwa na mtu wake aliyekuwa akimwonea wivu, wengine wamekaa naye mkeka mmoja, na hapo ndipo walipopata ruhusa ya kulitamka neno kwa sauti kubwa na kusingizia kwamba wanaimba tu. Toka siku ile sikupumzika. Harusi ikifika katikati utasikia, "Bi Wivu yuko wapi? Bi Wivu asimame!" Wakanipa jina, nami nikalipenda. Wengine walikuwa na kazi serikalini, wengine na maduka. Mimi sikuwa na cheti wala leseni ya gari. Nilikuwa na wimbo.

Sasa nimtie shangazi yako Thuraya, maana bila yeye barua hii haisimami. Wewe unamjua alivyo sasa, mzee wa kucheka na kugawa pesa. Mimi nilimkuta ndiyo kwanza ametoka Nairobi na Kiingereza chake cha shuleni, na nchi hii ilikuwa inawatafuta watu kama yeye kwa taa. Mara yuko wizarani, mara ana mkoba wa ngozi, mara anaendesha gari mwenyewe. Akija kwetu simu ikilia anapokea yeye, anaongea Kiingereza dirishani, mguu mmoja mbele. Kakaye anamtazama kwa fahari, na mimi nipo nyuma na sinia la vikombe. Nilimwonea wivu wifi yangu huyo tangu siku ya kwanza. Beti ya dhahabu mpya niliitunga kwa ajili yake. Kila harusi alikaa mstari wa mbele akanipigia makofi, na nilifurahi kwa siri kwamba anashangilia kusemwa kwake.

Miaka ikenda hivyo. Tukahamia Mawaleh, wewe ukakua, ukaingia sekondari Ghubra, ukawa unaota kwa Kiingereza. Nakumbuka siku uliporudi na CD mfukoni mwa begi la shule, macho yanakung'aa.

"Mama, ule wimbo wako wameurudia!"

"Nani kaurudia? Kwa ruhusa ya nani?"

Ukacheka, ukadhani nafanya mzaha. Ukaiweka. Ngoma za mashine, haraka haraka kama mtu anayefukuzwa, na msichana mwenye sauti nyembamba, safi, haina jasho hata tone. Dunia nzima ilikuwa ikiuimba mwaka ule. Madukani ni huo, kwenye televisheni ni huo, vijana wanaopita na gari zao barabarani, ni huo. Mimi nikamfikiria yule wa kwanza. Nikamwona amekaa kwake huko Marekani, pengine magoti yanamuuma, redio inaimba wimbo wake kwa kinywa cha mtoto wa watu, na waliomzunguka wanamwambia, "Sikia, ule wako!" Nilitaka kumlilia. Sasa najua nilikuwa najililia nafsi yangu mapema.

Baba yako naye akaja akakoleza moto. Unakumbuka ile Alkhamisi tuliyokwenda sokoni hapa Mawaleh? Ulikaa mbele wewe kwa sababu eti ndiye unayejua kubonyeza CD, mimi nikakaa nyuma na kasha la nyanya mapajani. Baba yako akaurudisha wimbo, akaurudisha tena, vidole vinagonga usukani.

"Nasra, huu mpya umeushinda ule wa zamani. Wallahi umeushinda."

"Kweli, baba? Mie naona hivyohivyo."

Hamkugeuka hata mmoja. Nilibinya nyanya mpaka ikapasuka mkononi, na tulipofika nyumbani nikamwambia baba yako kauziwa mbovu. Mwanamume niliyemwimbia jikoni tangu hatuna hata feni! Nilimwonea wivu yule msichana wa kwenye CD, nikakuonea na wewe kwa kukaa kiti cha mbele. Wivu ukianza hauchagui.

Ikaja harusi ya binti wa Thuraya. Ukumbi mkubwa, taa, wanawake mpaka mlangoni, wasichana wa rika lako wametanda meza za nyuma. Ikafika saa yangu. "Bi Wivu! Bi Wivu!" Nikasimama, nikanyoosha nguo, nikachukua kipaza sauti. Yule dada wa kupiga muziki, Mungu amsamehe, akauweka mpya. Wimbo ukanikimbia. Mahali pa kuingia nikapakosa, nikangoja pa pili, napo pakapita. Ndipo ukaja wewe kutoka nyuma na gauni lako la kijani, ukashika kipaza sauti cha pili, ukaingia palepale panapotakiwa.

Najua hukuja kuninyang'anya. Ulikuja kuniokoa. Hilo nimelijua tangu dakika ileile na halikunisaidia kitu. Uliimba kila neno, la Kiingereza, limenyooka. Meza za nyuma zikasimama zote. Tukafika kwenye kiitikio, mimi kwa nguvu zangu zote nikasema nna wivu, na wewe ukasema lako, na maneno mawili yakagongana mbele ya watu. Msichana mmoja akanitazama, akauliza kwa sauti, "Huyu khala anasema nini?" Wenzake wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, walicheka kitoto tu. Nikaketi. Wewe ukamaliza, ukumbi ukakwambia rudia tena, ukarudia.

Hakuna mwengine aliyewahi kuambiwa rudia tena nikiwa mimi nimo ukumbini. Na sauti yako ni nzuri kuliko yangu. Nimeiandika hiyo sentensi na mkono umeniuma. Hata nilipokuwa na umri wako na pumzi zote kifuani, yangu haikufika pale ilipofika yako.

Garini ukaniwekea mkono gotini. "Mama, usikasirike. Hasemi nna wivu. Anasema none of you. Maana yake hakuna hata mmoja wenu. Anasema, nimesimama, na hakuna hata mmoja wenu wa kunikalisha."

Ulisema polepole, kwa huruma, kama unavyomwambia mgonjwa. Ungenicheka ningekuzaba kofi likaisha. Huruma yako ndiyo iliyonichoma. Miaka yote ile yule mwanamke alikuwa akiwaambia watu kwamba hamwogopi yeyote, na mimi nikisimama kwenye harusi za watu na wimbo wake, natangaza kwamba nakula moyo kwa dhahabu ya jirani. Na nimepata kujua maana yake usiku uleule nilipokalishwa, tena na mwanangu.

Toka hapo sikuimba. Wakiniita nasema koo. Ukajaribu kuniuliza, nikakwambia koo na wewe.

Halafu ukapata nafasi ya masomo Uingereza. Baba yako akaruka, Thuraya akatuma halwa, na mimi nikagundua ghafla kwamba ni mtu wa dini sana. Mtoto wa kike peke yake Ulaya? Bila ya mahram wa kumsindikiza? Watu watasema nini? Nilikuwa na aya na nilikuwa na hadithi, na nilizisema kwa sauti ya chini yenye uchungu ili baba yako asiweze kunijibu. Maskini akaanza kulegea. Kuna siku alikwambia, "Tungoje mwakani, tumridhishe mamako," nawe ukaingia chumbani ukafunga mlango. Mimi nikamaliza kukuna nazi yangu huku moyo umetulia. Umetulia, Nasra. Huo utulivu ndio ninaouogopa kuliko yote niliyoyafanya.

Wewe si mjinga. Ukaja jikoni ukafunga na mlango wa jikoni. "Mama, hebu niambie kweli, si dini hii. Unanionea wivu?"

"Astaghfirullah! Mama humwonea wivu mwanawe? Umeyatoa wapi maneno ya kishetani hayo?"

"Nakuuliza tu, mama."

"Nenda basi! Nenda kwenu Ulaya. Lakini ukenda, unakwenda bila ya radhi yangu."

Hebu lione jambo hili lilivyo. Mimi, Bi Wivu, niliyelitamka neno hilo mbele ya kumbi nzima, na ngoma, na kiuno, mpaka nikaitwa jina lake. Siku limekuwa kweli, mtu mmoja kaniuliza, mlango umefungwa, hakuna anayesikia. Nikalikana. Nilikuwa nimeliimba tu, sikuwa nimewahi kulisema.

Juzi nikamwambia baba yako anishushe kwa Thuraya, Ghubra. Nilikwenda kugombana. Kwako nilishashindwa, nikatafuta wa kumlaumu, na njiani nikampata: yeye alikuwa na Kiingereza chake chote na mkoba wake, na alikuwa anakaa mstari wa mbele. Sikungoja hata kahawa.

"Wifi, ulijua. Ulijua anasema nini yule mwanamke."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile harusi ya Wattaya, ya kwanza."

"Na ukanyamaza! Miaka yote hiyo unanitazama najifanya kichekesho, ukirudi kwako unacheka!"

"Sikucheka. Kaa kitako, wifi, unaniumiza shingo." Akanimiminia kahawa, akanisogezea tende. "Sikiliza. Mimi nilikuwa nnaamka kila siku nnakwenda wizarani, nnaandika barua za watu kwa Kiingereza kizuri, mchana nnarudi. Hapana hata siku moja mtu kaniambia Thuraya, rudia tena. Wewe unaimba upuuzi, ukumbi mzima unakuangukia. Nilikuwa nakuonea wivu mpaka kichwa kinaniuma. Mara nyingi nilitaka kusimama nikusahihishe palepale katikati, ukae chini unyamaze."

"Kwa nini hukusimama?"

"Nilishajua ile dhahabu mpya ni yangu. Nikasema, huyu angalau kanisema usoni, na vina juu. Mimi nimjibu nini, nimfundishe Kiingereza?" Akachagua tende, akaigeuza, akairudisha, akachukua nyengine. "Na ungelijua maneno ya kweli, wifi, ungeliimba kama kasuku. Ule wa Kimarekani ni wa Marekani. Wako ulikuwa wako. Kunywa kahawa, khalas."

Nilitaka kukasirika, sikupata pa kushika. Kilichonishangaza ni jinsi alivyosema. Nilikuwa nakuonea wivu. Kalisema huku anachagua tende, kama mtu anayesema jana nilikuwa na mafua. Dari halikuanguka. Hakunipungukia machoni hata kidogo. Na mimi niliyemwonea wivu maisha yangu yote, mkoba na gari na dirisha, nikamtazama mwanamke huyu mzee na nikaona kwamba sote wawili tulikaa ukumbi mmoja tukitamaniana, kila mmoja akidhani mwenzake kashiba. Tungeliambiana mapema tungelikuwa mashoga. Tumepoteza mengi, mimi na yeye, na mapumbavu yetu.

Basi jibu lako, Nasra. Ndiyo. Nakuonea wivu.

Nakuonea wivu kwa sauti, nimeshasema. Nakuonea wivu kwa Kiingereza, kwa jinsi unavyocheka simuni na wenzako mambo nisiyoyajua, nikiingia unamalizia kwa Kiswahili kwa adabu. Nakuonea kwa baba yako, ambaye ukimwambia jambo anazima televisheni, na mimi huniambia sema tu, nasikia. Nakuonea wivu hata kwa mwili wako usiochoka. Na zaidi ya yote kwa hii safari. Nilipotoka Unguja nilitolewa, hakuna aliyeniuliza, nilibebwa pamoja na vyombo vingine vya nyumbani. Wewe unakwenda kwa miguu yako, umeomba, umepata, umefunga begi mwenyewe. Nilipokuona unachagua nguo nikakwambia lile gauni halikukai. Linakukaa. Lichukue.

Nimekuonea wivu nikawaonea wivu mpaka hao Waingereza wenye meno mabovu, watakaokaa mbele yako wafunue midomo nawe uwainamie uwaulize wanaumwa wapi. Mimi hujaniuliza siku nyingi. Kosa si lako, kila ukiniuliza nilikwambia koo.

Na nakupenda, lakini hilo hujaniuliza kwa sababu unalijua. Sikujua kwamba vitu hivi viwili vinaweza kukaa chumba kimoja. Nilidhani kimoja kikiingia kingine lazima kitoke, ndiyo maana nilikana kwa jina la Mungu kwamba sina wivu. Niliogopa ukiuona huo utadhani mapenzi hayamo.

Hili nililolipata kwa taabu nakupa, ulitumie upendavyo. Wivu usiotajwa jina hauondoki, huazima nguo za wengine. Wangu ulivaa nguo za dini, ukavaa za uchungu wa mama, ukatoka barabarani ukasalimiwa kwa heshima. Karibu nikuzuilie masomo yako na watu wakanisifu. Huko uendako utamwonea wivu mtu. Usiniambie hapana. Atakuwapo msichana anayejua zaidi yako, au ambaye mama yake anakuja kumwona kila mwezi na chakula cha moto. Siku hiyo usikimbilie kumwona ana kiburi, wala hana adabu, wala rangi yake inamjaza kichwa. Jiulize kwanza. Na ukimpata mtu kama shangazi yako, mwambie, tena mapema, msingoje mpaka magoti yaume.

Na siku atakapokuja mtoto, wako au wa mwengine, akauchukua wimbo wako akauimba vizuri kukushinda, itakuuma. Usikubali wakudanganye kwamba mzazi haumwi. Utaumwa sana. Umia, lakini usikae kama nilivyokaa mimi. Nilitakiwa nibaki palepale na neno langu, tugongane mpaka mwisho wa wimbo. Labda wangecheka zaidi, na labda tungecheka na sisi.

Jana nyote mlipotoka niliziweka zote mbili jikoni, kaseti yangu ya zamani na CD yako, mlango nimeufunga. Nimezisikiliza kwa haki. Yako ni nzuri. Haijaishinda ile. Baba yako hajui kitu, arudi kwenye giaboksi zake.

Nimejaribu kukuandikia radhi humu. Mwanzoni nilidhani ndiyo kazi ya barua hii, nikaiandika juu kabisa, nikaikata. Nikaiandika tena katikati, nayo ikaonekana kama salamu za kadi ya Idi. Halafu nikaelewa. Lile neno baya nililitoa kwa mdomo, ukalisikia kwa masikio yako, nikikutazama. Siwezi kulifuta kwa wino, mimi nimejificha chumba cha pili na wewe uko peke yako. Karatasi si mahali pa radhi.

Kwa hiyo barua hii naitia mfukoni mwa koti lako uje uisome ndegeni, na itakapokufikisha kwenye mstari huu, radhi yangu utakuwa umeshaisikia, kwa sababu naweka kalamu chini sasa hivi nakuja kukugongea mlango.

Mama